Karafuu Nane za Baraza la Hariri

Somo yangu,

Shikamoo. Najua waliolala hawapewi shikamoo. Hupewa salamu na dua, na zote mbili nimekwisha kukuletea mwenyewe kaburini kwako Tongoni. Lakini tangu nilipokuwa msichana wa miaka kumi na minne, nimevunja ungo, mama akaniweka mikononi mwako unifunde, sijapata kukuanza kwa neno jingine, na siwezi kujifunza leo.

Ijumaa baada ya swala wanataka kunikalisha kwenye kiti chako. Umesikia vizuri. Baraza limekaa nyumbani kwa Bi Tatu, Jaji wetu, pale pale Barabara ya Kumi na Mbili, likanichagua mimi niwe Kwini wa Hariri, wala hakuna aliyepinga. Kiti kimepigwa vanishi. Sare zimekwisha kukatwa dukani, na wanawake wa Makorora wanaulizana kama ngoma ya kwanza itapigwa kwao au kwetu. Mimi nimekaa siku nne natia tonge mdomoni nalisahau huko huko.

Ndiyo maana naandika. Sijaamua kama barua hii nitakuja kukusomea wewe peke yako huko Tongoni, au nitaisoma mbele yao kabla sijakikalia kiti. Kwa hiyo nitaeleza kila kitu tangu mwanzo, hata yale unayoyajua kuliko mimi. Nivumilie. Ulikuwa ukisema Rukia akianza habari huanzia kwa Adamu.

Unakumbuka siku tulipoandika sheria? Hariri ilikuwa chama cha ngoma chenye wanawake wanaoijua lelemama kuliko wote Tanga, na vyeo vya kila namna: Kwini, Waziri, Jaji, na Baraza la watu kumi na wawili. Kilichokosekana ni kitabu. Mimi ndiye niliyekuwa nimefika darasa la nne, basi ukanifanya Karani, ukaniketisha jikoni kwako na daftari, wewe unapeta mchele. Kila ungo mmoja unatoa kifungu kimoja. Wanaume walikuwa wakitucheka, eti wacheza ngoma nao wana serikali. Ukasema, "Waache wacheke. Serikali yao iko bomani na haiwaulizi kitu. Yetu iko mkekani, na twaulizana hata rangi ya kanga."

Kifungu cha kumtoa Kwini ulikitaka wewe mwenyewe. Wenzako hawakukipenda. Bi Zaina, Waziri wako, akasema kuandika jambo kama hilo ni kumwita shetani kwa jina. Ukamjibu, "Kwini asiyeweza kutolewa huyo si Kwini, ni pepo aliyepanda kichwani. Mie sitaki kupungwa, nataka nikikosa niambiwe nenda." Tukaandika. Watu watatu wapeleke malalamiko kwa Waziri. Baraza likae kwanza kupima kama kesi ipo au ni fitina tu. Ikionekana ipo, kikao cha pili kiongozwe na Jaji, Kwini asikilizwe, ndipo kura ipigwe. Na katika wale kumi na wawili wa Baraza, wanane wakubali ndipo atoke. Jaji hapigi kura, wala Kwini. Nikakuuliza, "Mbona wanane, somo? Saba si wengi tayari?"

Ukauweka ungo chini. "Saba ni hasira, mwanangu. Wa nane ndiye mwenye akili."

Na kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, na wewe hukutaka mtu ainue mkono akitazamwa na mwenzake, ukapanga kura ya hiliki na karafuu. Nyuma ya pazia ziwekwe sahani mbili. Hiliki maana yake Kwini abaki, karafuu maana yake atoke. Kila mmoja aingie, achukue punje moja, afumbe ngumi, atoke akae mpaka wote wamemaliza. Kisha Jaji awaite kwa majina, wadondoshe kwenye dele la kahawa. Tulijiona wajanja kweli kweli. Tulikuwa wanawake kumi na wanne ukumbini, na kila mmoja wetu akipita uchochoroni hujua pilau ya nani imekosa nini, lakini hakuna hata mmoja aliyeona kasoro ya kura ile. Tuliikubali kwa vigelegele.

Miaka miwili baadaye wakamkamata mume wangu.

Salimu alikuwa akipakia marobota ya mkonge bandarini, gatini, na akitoka kazini alikwenda Pongwe kuzungumza na manamba wa mashambani habari za chama kipya cha siasa na siku ambayo Mwingereza atafunga mizigo yake. Siku moja walizungumza bila kibali. Nilipeleka chakula bomani. Wakapokea chakula, bakuli langu halikurudi. Siku ya tatu askari mmoja mwenye huruma akaninong'oneza kwamba wako katika kuandika barua za kumhamishia mbali, na kwamba wa namna yake wakienda hukaa.

Nilikukuta unakuna nazi. Nikaanguka miguuni pako, sina buibui, sina hata kiatu kimoja. "Somo, fanya lolote. Lolote." Nilisema mara mbili. Ukaacha kukuna, ukabaki umekaa juu ya mbuzi na kifuu mkononi, ukinitazama.

"Lolote ni neno pana, Rukia. Usilitupe tupe."

"Nalitupa, somo."

Wiki ile ile alikuwa anakuja mkubwa wa serikali kutoka Dar es Salaam, na watu wa bomani walikuwa wakitafuta ngoma yenye sare ya kumpokea. Chama cha kina Salimu kilikuwa kimeomba vikundi vyote vya mji visicheze. Baraza letu lilikuwa limekwisha kukaa na kutoa neno: Hariri haitacheza. Neno hilo nililiandika mwenyewe, na wewe ulilisikiliza likisomwa ukasema amina.

Alhamisi ukavaa buibui lako la siku kuu ukaenda bomani peke yako. Sijui ulisema na nani wala ulisema nini. Najua tu kwamba ulirudi kwa mlango wangu wa nyuma, ukakaa kwenye kinu kilicholala, ukaomba maji, ukayanywa yote kabla hujasema.

"Mumeo atatoka Jumatatu. Usiniulize kitu. Na usimwambie mtu, hata yeye mwenyewe. Wenzake wakijua katolewa kwa ngoma, watasema kawauza. Atakuwa kibaraka mpaka siku ya kuoshwa." Ukanishika kidevu kama siku ulizokuwa ukinifunda. "Ya somo na mwari hayatoki nje. Apa."

Nikaapa. Mtu aliye majini hachagui kamba.

Jumapili ukawakusanya wapiga matari na wanawake ishirini, ukawaambia Baraza limekaa tena na limebadili neno lake. Halikuwa limekaa. Kati yao alikuwamo Fatuma wetu wa Baraza, aliyekuwa amefika asubuhi ile ile kutoka Pangani matangani. Akaamini kwamba kikao kimempita. Wakacheza mbele ya boma juani, na Mzungu akapiga makofi kwa vidole viwili. Mimi nilikuwa ndani kwangu nasikiliza matari, nikiosha kanzu ya Salimu ili aikute safi. Jumatatu saa nne alitoka, ndevu zimemjaa, akacheka aliponiona. Hakujua kwa nini wamemwachia. Alidhani wamemwogopa.

Mji haukusamehe. Sokoni walitutungia wimbo wa kutusuta, na wenzetu wa ngoma ya Zumaridi, ambao miaka yote tulikuwa tukiwashinda kwa mavazi na kwa maneno, waliuimba wakitutazama usoni. Mume wa Fatuma alikuwa mtu wa chama kama Salimu. Akamwambia mke anayewachezea Wazungu awafuate Wazungu, akampa talaka, akazuia watoto. Fatuma alikuja na kifurushi chake akakaa kwa dada yake, hasemi, anasuka ukili tu. Na Salimu wangu, jioni baada ya jioni, alikaa barazani na rafiki zake akisema, "Yule Kwini wenu kibaraka mkubwa. Laiti angejua watu tulivyolala kwenye saruji." Mimi nilikuwa nawamiminia kahawa. Mkono haukutetemeka, somo. Hilo ndilo linalonitisha hadi leo.

Malalamiko yalifika kwa Bi Zaina kabla mwezi haujaandama. Yaliletwa na watu watatu, kama sheria ilivyotaka, na Bi Zaina akaniita nije na kitabu. Usimchukie Bi Zaina. Alikuwa na haki, na alilia akinitajia maneno: kwamba Kwini amevunja neno la Baraza, na kwamba amelitumia jina la Baraza kwa uongo. Mashtaka mawili. Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri ule uliokuwa ukiusifu kwa wageni. Katika kikao cha kwanza, kumi kati ya kumi na wawili walisema kesi ipo. Na mimi nilikuwa katika wale kumi, maana kesi kweli ilikuwepo, na ambaye angesema haipo angeulizwa anajua nini.

Siku moja kabla ya kikao cha pili nilikuja kwako mchana, nikakukuta unatia dawa ya mende kabatini kana kwamba huna jambo jingine duniani. Nikakuambia, niruhusu niseme. Nitawaambia ni kwa ajili yangu. Mchuma janga hula na wa kwao, basi nile na mimi.

Ulicheka. "Uwaambie, kisha? Fatuma arudishiwe mumewe? Mumeo atatolewa chamani kesho yake. Hatakuwa wa boma wala wa wenzake." Ukafunga kabati. "Halafu mie nimesema uongo, Rukia. Sijasingiziwa. Ukinitetea utafanya uongo wangu uwe mzuri, na watu wakishaona uongo mzuri, kila Kwini atakuja na wake."

"Basi kura yangu?"

"Kura yako ni yako. Mie nikikwambia utie nini, ya nini tena tuliandika kitabu?"

Niliondoka nimekasirika. Nilitaka unishike mkono uniambie cha kufanya kama miaka ile, na wewe ukaniachia.

Kikao kilikuwa Jumamosi baada ya adhuhuri. Bi Tatu aliamuru madirisha yafungwe kwa sababu ya watoto na wambea, na joto lilikuwa lile la kabla ya mvua za mwaka, nguo inakunata mgongoni. Ulikaa chini mkekani, si kwenye kiti. Kiti kiliachwa kitupu kama tulivyoandika. Hakukuwa na salamu ndefu. Bi Zaina akasimama na kuuliza, nami nikaandika.

"Kwini, Baraza lilikaa lini kubadili neno lake?"

"Halikukaa."

"Nani aliyekutuma useme limekaa?"

"Hapana mtu. Ni mie."

"Uliwaambia wanawake ishirini uongo."

"Niliwaambia uongo. Na Fatuma yuko hapa, nimemwomba radhi kwake na namwomba tena mbele yenu."

Fatuma hakuinua uso.  Sauti ya Bi Zaina ilibadilika, ikawa ya mtu anayeomba. "Somo wa watu, sema basi. Bomani ulipewa nini? Hatukujui kwa tamaa. Mtu hauzi watu wake bure. Ulipewa nini?"

Nilisikia wino ukikauka kwenye kalamu yangu.

"Nilipewa nilichokitaka," ukasema.

"Ni nini?"

"Hicho hakimo katika mashtaka." Kisha ukanigeukia, pole pole, macho yako yakiwa makavu kabisa. "Karani, kimo?"

Watu wote wakanitazama. Nilikuwa na nafasi kubwa kuliko zote nilizopata kupewa na Mungu. Ningeweza kufungua kinywa. Nilitazama kitabu kana kwamba natafuta.

"Hakimo," nikasema.

Hilo ndilo neno pekee nililolisema siku ile nzima. Na lilikuwa kweli, hakikuwamo, niliyeyaandika mashtaka ni mimi.

Wakaanza kuingia nyuma ya pazia mmoja mmoja. Ilipofika zamu yangu nilisimama mbele ya sahani mbili muda mfupi sana, mfupi kuliko unavyoweza kudhani. Nitakueleza niliyojiambia, yote, maana nimechoka kuchagua. Nilijiambia nane hazitafika, kwa hiyo yangu haidhuru. Nilijiambia hiliki zikiwa nyingi watauliza ni nani waliokutetea na kwa nini. Nilijiambia mashtaka ni ya kweli na sheria ni yako. Hayo yote ni maneno ya kuvaa nje. Ndani kabisa, somo, nilitaka uondoke. Kila nikikuona nilikuwa nakumbuka nimeshika miguu yako. Fadhila kubwa huchosha kuitazama, na mimi nilikuwa naitazama kila siku, na kila siku mume wangu anaitukana, na mimi namimina kahawa. Nikachukua karafuu.

Tukakaa na ngumi zimefumbwa. Bi Tatu akasoma Fatiha, kisha akaomba dua ndefu, kisha akakumbuka kwamba hajatia udhu vizuri akaanza upya. Jasho lilikuwa likitutoka mpaka kwenye viganja. Akatuita kwa majina. Kila punje ikigonga ndani ya dele unasikia mlio mdogo, na dele likaja likamwagwa kwenye kitambaa cheupe, Bi Tatu akatenga kwa ncha ya kidole. Hiliki nne. Karafuu nane.

Mtu mmoja akasema "Lahaula".

Ulisimama. Sheria ilisema Kwini anayetoka awape wenzake mikono kabla hajatoka, ili watu wasiachane kwa chuki. Hicho nacho ulikitunga wewe, na nilipokiandika nilikiona kizuri. Ukaanza na Bi Zaina. Ukamshika mkono, ukauinua, ukaubusu kama tunavyobusiana siku zote. Kisha wa pili. Nilipoona umemfikia wa tatu, nikaona pua yako imesita juu ya vidole vyake kidogo tu, na uso wako ukabadilika, ukawa wa mtu aliyegundua kwamba ameacha chungu motoni. Ulikuwa hukuwaza. Wallahi hukuwaza hata wewe. Lakini sasa ulijua, na hukuweza kutojua, maana usingeweza kumbusu huyu ukamruka yule.

Nikatazama kiganja changu. Karafuu iliyokaa ngumini saa nzima na jasho haihitaji pua ya mjuzi. Nikakisugua kwenye kanga, nikakisugua chini ya mkeka, nikakitia wino kana kwamba umenimwagikia, na kila nikisugua ndipo kinapozidi. Upande wa pili Bi Zaina alikuwa ameleta vidole vyake puani kwa siri, na nikamwona anafumba macho. Uvumi wa kimya ukapita ukumbini. Wengine wakaficha mikono kwenye buibui, na kuficha kwao kukawa kusema.

Ukanifikia. Nilikupa mkono kwa ncha za vidole, ukaushika wote, ukaugeuza, ukaubusu kiganjani penyewe penye wino. Ulikaa hapo. Sijui ni muda gani. Ulipoinua uso, mdomo wako ulikuwa na doa la bluu, na ulisema kwa sauti ya kawaida ili wote wasikie, "Karani, andika vizuri. Usiruke neno."

Kisha ukavaa viatu ukatoka. Jua lilikuwa bado kali nje. Bi Zaina akakikalia kiti kwa amri ya sheria, akishikilie tu mpaka Kwini mwingine achaguliwe, akilia kwa kwikwi mpaka Bi Tatu akamkemea.

Ulihamia Tongoni kabla ya wiki kuisha, kwenye nyumba ya marehemu kaka yako. Nilikuja mara moja tu katika miaka mitatu. Mara moja, mtu niliyelala mapajani mwake. Ulinipikia mchuzi wa papa na ugali wa muhogo, ukanifukuzia kuku mmoja aliyekuwa akinidonoa kanga, ukaniuliza habari za wote kwa majina. Kila nikianza kusema ulikuwa ukiniongeza mchuzi. Mwisho nikalipuka: somo, ile karafuu ilikuwa yangu.

"Ati wanipa habari?" ulisema. "Nna pua, mwanangu."

"Basi nisamehe."

"Nshakusamehe pale pale mkekani. Weye ndiye hujaridhika." Ukaanza kukusanya sahani, kisha ukasimama nazo mkononi. "N'takwambia neno moja, na mie nilifikiri sitalisema. Fatuma alinuka hiliki."

Fatuma, somo. Aliyeachwa. Ambaye watoto wake analetewa siku ya Idi tu. Yeye alitia hiliki, na mimi ambaye mume wangu alilala nyumbani usiku ule na usiku uliofuata, nilitia karafuu. Nilirudi Tanga na lori la nazi sikumbuki hata njia. Sikuja tena. Nilikuwa najidai kazi, najidai mtoto, najidai mvua imekata barabara. Mwaka huu Ramadhani ikaingia, na siku ya tisa likaja neno kwamba umekwisha kuzikwa tangu jana.

Wengine wanasema ndiyo maana wamenichagua mimi, kwa sababu ni mwari wako, ili kumalizana na aibu ile ya vidole. Tangu siku ile Hariri haijawahi kucheza ikafurahi. Wanane wanajuana, wanne wanajuana, na watu hukaa mkekani wakiwa wamepangika bila kupangwa. Wanadhani nikikaa mimi itakuwa kama umerudi.

Jumamosi nilimwambia Salimu. Nilingoja amalize kula. Sasa yeye ni katibu wa tawi, na watu husimama akipita. Nilimwambia yote kuanzia kinu mpaka kiganja. Hakunikatiza. Alipoona nimenyamaza alinawa mikono, akavaa kanzu, akatoka, nikasema huyo amekwenda kuniandikia talaka. Alirudi baada ya magharibi, akasimama mlangoni.

"Miaka mitatu nakaa barazani namtukana yule mama," alisema, "na weye wanisikia."

"Nakusikia."

"Na wanipa kahawa."

Alikaa kizingitini, amenipa mgongo. Nikamwambia nafikiri kukuandikia barua nikaisome mbele ya Baraza, na kwamba baraza la wanawake halina siri, Ijumaa hiyo hiyo habari itafika tawini. "Isome," alisema. "Wakitaka kuniita kibaraka, waje wanieleze mie ningefanyaje nikiwa ndani. Ila Fatuma mwambie wewe kwanza, peke yake, asilisikie mkekani." Sauti yake haikuwa na upole. Tangu siku ile analala chumba cha mbele. Lakini amesema isome.

Kwa Fatuma nilikwenda jana. Alinisikiliza akisuka ukili wake. Nilipofika mwisho aliniuliza jambo moja tu: kama wewe, Tongoni, ulijua kwamba yeye alikutilia hiliki. Nikamwambia ulijua. Akatikisa kichwa mara nyingi, machozi yakimdondokea kwenye ukili, akasema, "Basi." Hakuniambia niketi, wala hakuniambia niende. Nilisimama mpaka miguu ikaniuma, kisha nikaenda.

Kwa hiyo nimeamua, somo. Nimeamua nikiwa katikati ya barua hii, pale nilipokuwa nikikuandikia habari ya kalamu yangu kukauka. Nimeivunja siri ya somo na mwari, nami niliapa. Kafara nitafunga, na dhambi ikibaki ni yangu. Ijumaa sitakikalia kiti. Nitasimama, nitaisoma yote, kisha nitamwomba Bi Zaina aandikishe malalamiko juu yangu, maana hata kwa Kwini ambaye hajaketi sheria yako inatosha. Wakitaka kunitoa katika Hariri yote, wanitoe. Nitakaa nje ukutani, juani, na nitangoja kama wewe ulivyongoja mkekani, bila mtu wa kunisemea. Siombi hata mmoja anionee huruma kwa ajili yako.

Ulale, mama yangu wa pili. Sikuja kukuosha, sikuja kukuombolezea, na hayo hayalipiki kwa barua. Leo asubuhi nilikwenda kwa Bi Tatu nikaomba kitabu, nikafungua ukurasa wa kikao kile. Pameandikwa kwamba Kwini alivunja neno la Baraza na kulitumia jina lake kwa uongo. Ni kweli, sikufuta hata herufi moja. Chini yake palikuwa na mstari mtupu ambao miaka yote hii nilijifanya ni nafasi ya kupumzisha jicho. Nimeandika pale ulifanya hivyo kwa ajili ya nani. Wino umekwisha kukauka, na jina ni langu.

Mimi, mwari wako.